Kidonge cha Mama na Mtoto wa Kilo Moja

Msomaji mpenzi, siku utakaporudi kutoka sokoni Darajani, chukua pakiti ya sukari ya kilo moja uiweke juu ya kiganja chako. Ishike dakika moja tu. Kuna watoto wanaozaliwa wakiwa na uzito huo, na wengine hata hawaufikii. Ngozi yake ni nyembamba hata waona mishipa ya damu inavyopita chini yake.

Mtoto huyo ndiye tumwitaye njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 tumboni. Huenda umewahi kusikia ikisemwa kwamba wa miezi saba hupona kuliko wa miezi minane. Hilo si kweli hata kidogo. Kila wiki moja anayozidi kukaa mahali pake inamfaa mapafu, inamfaa ubongo, na inamfaa figo. Neno hili la figo ulikumbuke, maana ndilo tutakalolirudia.

Leo nataka kukueleza habari za dawa za presha. Si kwa ajili ya wazee, maana hao twawaona kila asubuhi wakimeza vidonge vyao kwa chai, bali kwa ajili ya mtoto huyu wa kilo moja. Utauliza: mtoto mchanga na dawa za presha wapi na wapi? Zamfikia kwa njia tatu. Mara chache sana hupewa yeye mwenyewe. Mara nyingi zaidi zampitia mama yake akiwa bado tumboni. Na mara nyingine humfikia katika maziwa. Madhara nitakayokusimulia ni ya nadra, nami nakuomba usiyasome kwa hofu ukaenda kutupa dawa za daktari chooni. Lakini yale ya njia ya pili twaweza kuyazuia hapa nyumbani, na ndiyo maana nimeona vema tuyaseme.

Kwanza tujue presha ya njiti ikoje. Presha ni nguvu ambayo damu yasukumia kuta za mishipa. Mtu mzima mwenye afya husomwa kama 120 kwa 80. Kwa njiti, waganga wana kanuni moja nyepesi ya siku za mwanzo: wastani wa presha yake huwa karibu sawa na idadi ya wiki alizokaa tumboni. Aliyezaliwa wiki ya 28 huwa na wastani wa 28 hivi. Wewe ukiwa na presha kama hiyo utakuwa umelala chini hujitambui. Yeye amelala zake salama. Tena kuipima si kazi ya haraka haraka. Kitambaa cha kufunga mkononi sharti kiwe kidogo cha kumfaa, na mtoto awe ametulia, kwa kuwa akilia tu hesabu yapanda na kudanganya.

Presha ya kupanda kwa vichanga si ugonjwa wa kila siku. Hata katika wodi za watoto mahututi za nchi tajiri, hupatikana kwa watoto wachache tu katika kila mia. Mara nyingine sababu ni ule mpira mwembamba unaopitishwa kitovuni mpaka katika mshipa mkubwa wa damu. Damu huganda juu yake, na bonge dogo likaziba mshipa wa figo. Mara nyingine ni mapafu yaliyochoka kwa kusaidiwa na mashine muda mrefu, au figo zilizoumbika vibaya, au mshipa mkubwa wa moyo uliobanwa tangu kuzaliwa, au dawa nyingine alizopewa. Hapo ndipo daktari hulazimika kufikiri habari ya dawa ya kuishusha.

Sasa nakuomba tufanye hesabu kidogo, kama tulivyokuwa tukifanya skuli. Kidonge cha kaptoprili kilicho cha kawaida katika maduka ya dawa kina miligramu 25. Kipimo cha kumwanzia njiti ni sehemu moja katika mia ya miligramu kwa kila kilo ya uzito wake. Basi mtoto wa kilo moja, kidonge kile kimoja kina vipimo vyake 2,500. Akipewa mara tatu kwa siku, kitamtosha siku 833, yaani zaidi ya miaka miwili! Nani awezaye kukikata kidonge vipande 2,500? Hakuna. Sharti kisagwe, kichanganywe na maji safi, kisha wachote tone kwa kipimo. Na kaptoprili ikishatiwa majini haikai sana. Yaharibika upesi, wala huwezi kuitazama kwa macho ukajua kama ingali na nguvu. Sifuri moja ikiandikwa pasipo mahali pake, mtoto amepata mara kumi. Mimi nikiwaona wauguzi wa wodi za vichanga wakihesabu wawili wawili, huyu akisoma na yule akihakikisha, siwaoni kuwa wanapoteza wakati.

Dawa hii ina asili ya ajabu. Huko Brazili kuna nyoka aitwaye jararaka, na aumwaye naye presha yake huanguka ghafula. Mtaalamu wa Kibrazili, Sérgio Ferreira, alikwenda London kufanya kazi pamoja na John Vane, akachukua vitu vilivyotolewa katika sumu ya nyoka huyo. Baadaye wataalamu wa Marekani, Cushman na Ondetti, wakajifunza kutokana na sumu ile namna ya kutengeneza dawa ya kumeza, na mwaka 1981 kaptoprili ikaruhusiwa kutumika huko kwao. Imeokoa watu wengi mno, na mpaka leo wako wazee wa Ng'ambo na wa Mji Mkongwe wanaoishi kwa hiyo na kwa ndugu zake.

Kazi yake ni hii. Figo zikiona damu haifiki kwa nguvu ya kutosha, hutoa kemikali, na hiyo huanzisha nyingine, mpaka mishipa ikajikaza na presha ikapanda. Kaptoprili huukata mnyororo huo katikati. Kwa mtu mzima mwenye presha kubwa jambo hilo ni jema. Lakini kwa njiti mnyororo huo ndio kamba anayoning'inia! Figo zake hazijamaliza kuumbwa. Vichujio vyake huendelea kutengenezwa mpaka karibu wiki ya 34 hata ya 36. Ili vile vichache alivyo navyo vichuje damu, vyahitaji sana kukazwa na kemikali ile ile. Ukiikata kwa nguvu, presha huanguka, na figo huacha kufanya kazi.

Hayo hayakujulikana kwa kubahatisha. Zamani madaktari walikadiria kipimo cha njiti kutokana na kile cha watoto wakubwa. Mwaka 1988 ikaandikwa taarifa huko Marekani juu ya watoto njiti waliokuwa wagonjwa, waliopewa kaptoprili figo zao zikashindwa kufanya kazi. Mwaka uliofuata, 1989, madaktari Perlman na Volpe wakaandika juu ya wengine waliopatwa na matatizo ya ubongo, degedege likiwamo, baada ya dawa hiyo hiyo. Basi vipimo vikapunguzwa sana mpaka kufikia ile sehemu moja katika mia niliyokutajia, na madaktari wengi wakaona heri kutumia dawa nyingine kwa njiti wa siku chache.

Nazo hizo nyingine zina kasoro zake. Dawa za jamii ya propranololi hupunguza mwendo wa moyo na kushusha sukari ya damu. Diazoksaidi, ambayo ilianza kama dawa ya presha, siku hizi hupewa vichanga ambao sukari yao hushuka mno. Mwaka 2015 wakuu wa dawa wa Marekani walitangaza kwamba tangu ilipokubaliwa mwaka 1973 wamepata habari za watoto 11 ambao presha ya mapafuni iliwapanda kwa sababu yake, na hali zao zikatengenea ilipoachishwa. Watoto 11 katika miaka zaidi ya 40! Ndivyo yalivyo madhara ya nadra: daktari aweza kufanya kazi maisha yake yote asiyaone, kisha yakamtokea siku asiyoyafikiri.

Nyumbani kwetu

Sasa tuje kwetu Unguja. Kusema kweli, mtoto njiti wa hapa hafikiwi sana na dawa za presha kwa mkono wa daktari wake. Hufikiwa kupitia kwa mama yake.

Tuseme kuna bibi mmoja kijana, ana mimba ya miezi sita, yupo kwa mkwewe. Kichwa chamuuma tangu jana, na miguu imevimba. Mkwewe, kwa huruma na si kwa ubaya, anafungua mkoba wake. "Hiyo ni presha, mwanangu. Meza kimoja hiki, mie hunishusha mara moja." Kesho kile kichwa chapungua, au chaonekana kupungua, naye ampa kingine. Wiki mbili zapita. Mtu hakwenda kliniki, na hakuna aliyejua kidonge kile ni cha jamii gani.

Msomaji wangu, huenda unaijua nyumba hiyo. Huenda ni yako.

Kidonge kile kikiwa ni kaptoprili, au enalaprili, au lisinoprili, au losatani, basi hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Katika nusu ya pili ya mimba yale maji ya chupa anayoogelea mtoto kwa sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe. Figo zake zikizimwa, hakojoi. Asipokojoa, maji hupungua. Maji yakipungua, nyumba yambana, na mapafu yanakosa nafasi ya kukua. Hata mifupa ya kichwa yaweza isikamilike. Akizaliwa, naye mara nyingi huzaliwa kabla ya wakati, presha yake huwa chini sana na mkojo hautoki kwa siku nyingi. Wengine hupona, wengine hawaponi. Mambo haya yalianza kuandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1992 Marekani ikaamuru onyo kali liwekwe juu ya dawa za jamii ya kaptoprili zikitumiwa baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Leo shauri la madaktari ni kuziepuka mimba nzima.

Kuzitambua si kazi ngumu. Tazama jina lenyewe la dawa, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kiwanda. Likiishia kwa herufi p-r-i-l, au s-a-r-t-a-n, basi si dawa ya mwenye mimba. Na mwanamke anayezitumia kwa ajili ya presha yake ya siku zote, akiwa anataka kuzaa, amwambie daktari kabla ya kushika mimba. Na kama ameshika tayari, aende mara moja abadilishiwe. Nasema abadilishiwe, sisemi aache akae bure.

Maana upande wa pili wa jambo hili ni mbaya zaidi, na wengine huusahau. Presha ya mimba isiyotibiwa huua mama na mtoto pamoja. Yaweza kumletea mama kiharusi, yaweza kubandua kondo kabla ya wakati, tena yaweza kugeuka kuwa kifafa cha mimba. Huko mashamba wako ambao wakimwona mjamzito amekakamaa na kutoa povu, fikira yao ya kwanza ni shetani, na saa nzuri zikapita katika ubani na vyetezo. Hapo kinachotakiwa ni gari.

Dawa zinazomfaa mjamzito zipo, na zimejaribiwa. Methildopa ni ya zamani sana. Huko Oxford, Uingereza, watoto ambao mama zao waliitumia walifuatwa mpaka walipotimiza miaka saba na zaidi, na taarifa ya mwisho iliyotolewa mwaka 1982 haikuona kwamba dawa iliwadhuru katika kukua kwao wala akili zao. Nifedipini nayo hutumika sana, na labetaloli pale inapopatikana. Presha ikiwa kali mno, hospitali huweza kumchoma hidralazini. Magnesiamu salfeti si dawa ya presha, ingawa wengi huidhani ndiyo. Kazi yake ni kuzuia kifafa. Katika uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ilipunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu.

Je, hizi hazina lawama kabisa? Zinayo, ila ni ndogo na zatazamika. Mtoto wa mama aliyetumia labetaloli aweza kuzaliwa moyo wake ukienda polepole na sukari yake ikiwa chini. Wa mama aliyechomwa magnesiamu aweza kuwa mlegevu na mzito wa kupumua kwa saa kadhaa. Wa methildopa aweza kuwa na presha iliyopungua kidogo siku mbili za kwanza, bila ya dhara. Kwa mtoto aliyetimia, mambo haya hupita yenyewe. Njiti ni mwingine, maana ini lake na figo zake ni changa, na dawa hukaa mwilini mwake muda mrefu kuliko ilivyokaa kwa mama. Ndiyo sababu muuguzi anamchoma kisigino mara kwa mara kutazama sukari. Mama, usimkasirikie. Tone lile la damu ndilo lisemalo, kwa sababu njiti mwenye sukari ndogo aweza kutetemeka, au kupoa mwili, au kukataa ziwa, tena aweza asionyeshe dalili yo yote.

Tiba ya mwanzo ni ile usiyohitaji kuinunua dukani. Ni maziwa ya mama mapema, na joto la kifua chake, mtoto akifungwa ngozi kwa ngozi. Namna hii ya kumbeba ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mahali ambapo mashine za joto zilikuwa hazitoshi, na leo Shirika la Afya la Dunia laishauri kwa watoto wadogo wote, hata pale mashine zipo.

Habari ya ziwa

Mama wengi waliozaa kabla ya siku kwa sababu ya presha hurudi nyumbani wakiwa bado na presha, na wakiwa na vidonge. Hapo huja swali: je, ninyonyeshe? Nyonyesha. Dawa nyingi za presha huingia katika maziwa kwa kiasi kidogo sana. Enalaprili, ambayo tumeikataza tumboni, madaktari huweza kuitoa kwa mama anayenyonyesha mtoto aliyetimia. Lakini mtoto akiwa njiti wa wiki za mwanzo shauri ni jingine, kwa zile figo tulizozieleza. Wakuu wa dawa wa Uingereza walitoa onyo la namna hiyo mwaka 2009. Atenololi nayo huingia katika maziwa kuliko wenzake na kujikusanya katika mwili wa kichanga, na imeandikwa habari ya mtoto ambaye moyo wake ulienda taratibu mno kwa ajili hiyo. Kwa hiyo daktari anayekuandikia dawa wewe sharti ajue kwamba unanyonyesha, na kwamba unayemnyonyesha ni njiti. Huenda akawa si yule aliyekuzalisha. Usimngoje akuulize.

Nami nisiache kukutajia kazi iliyofanywa hapa kwetu. Katika hospitali ya Mnazi Mmoja, ambayo wazee bado wanaikumbuka kwa jina la Lenin, wakunga na madaktari walishirikiana na Chuo Kikuu cha Copenhagen, kati ya mwaka 2014 na 2016, kutengeneza kijitabu kidogo cha kutiwa mfukoni. Kilikuwa na maelekezo mafupi yanayolingana na hali halisi ya wodi ya hapa, ya namna ya kumwangalia mzazi, na ya mwenye presha kali yamo. Kabla yake, watoto 59 katika kila 1,000 walikuwa wakizaliwa wafu hospitalini hapo. Baada yake wakawa 39. Kijitabu na mafunzo ya watu wenyewe vimefanya hivyo.

Na ng'ambo ya maji, Dar es Salaam, wanawake 11,000 wenye mimba ya kwanza walikubali kupewa vidonge vya chokaa ya mifupa, yaani kalsiamu, ili kuzuia presha ya mimba. Nusu walipewa miligramu 500 kwa siku, nusu 1,500. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024: kiasi kidogo hakikushindwa na kikubwa katika kuzuia presha hiyo. Faida yake utaiona upesi ukijua kwamba 1,500 ni vidonge vitatu vikubwa kila siku, navyo wengi hawavimalizi. Daktari aweza pia kumpa asipirini ndogo mwanamke ambaye mimba iliyotangulia ilikuwa na presha, nayo sharti ianzwe mapema, kabla ya miezi mitano. Ukienda kliniki mwezi wa saba umechelewa.

Basi siku ya kwenda kliniki, iwe Mwembeladu, iwe Kivunge au Makunduchi, chukua kila dawa uliyomeza tangu mimba ianze, za duka, za mkwe na za jirani, uzitie katika mfuko mmoja na kumwekea muuguzi mezani. Vidonge vikiwa vimekwisha, pakiti tupu yatosha.